Thumuni ya Haamdani: Hadithi na Mafundisho ya Fedha kwa Watoto Wadogo

Katika mambo yote ambayo mtoto hana budi kuyajua mapema, hapana lililo karibu naye kama fedha, wala hapana lifundishwalo kwa uvivu zaidi. Twamfundisha kuhesabu, na akiisha kujua hesabu twadhani amekwisha kujua fedha. Lakini mtoto ajuaye kwamba sarafu tano za shilingi mia ni sawa na sarafu moja ya mia tano, bado hajui kama ile moja aliyopewa ainunulie andazi, au aiweke, au amgawie mwenzake aliyekuja shuleni bila kula. Hesabu haimwambii neno juu ya hayo. Hayo ni mambo ya kuchagua, na kuchagua hakufundishwi kwa ubao na chaki.

Wazee wa pwani walikuwa na chombo cha kazi hii, nacho ni hadithi. Jioni bibi aliita, "Paukwa!" na watoto wakaitika, "Pakawa!" Kisha wakaongozwa mpaka mahali pa mtu aliye na kitu kidogo mkononi na njia mbili mbele yake. Mtoto alichagua pamoja na mtu yule, akafurahi naye, akaangamia naye, kisha akaenda kulala salama, asipoteze hata pesa moja. Hiyo ndiyo faida kubwa ya hadithi katika jambo hili: mtoto aona mwisho wa uchaguzi kabla hajaulipia.

Kusudi la makala haya ni kuitazama hadithi moja ya Unguja kwa taratibu, kueleza maneno ya fedha yaliyo ndani yake, na kuonyesha jinsi mwalimu wa watoto wadogo awezavyo kuitumia. Kisha tutaongeza hadithi nyingine fupi na methali moja, na kutaja hatari ambazo mwalimu yampasa kuziangalia.

SARAFU NA MAJINA YAKE

Hadithi yenyewe ni ya Haamdani na paa, nayo hujulikana pia kuwa ni kisa cha Sultani Darai. Ilisimuliwa Unguja, ikaandikwa na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu tangu mwaka 1874 hata kufa kwake mwaka 1882. Aliipiga chapa London mwaka 1870, pamoja na hadithi nyingine za watu wa Unguja. Ndani yake imo sarafu moja tu yenye kazi, nayo ni thumuni; na msimulizi asiyejua thumuni ni nini hataweza kuonyesha uzito wa maneno ya mwisho wa hadithi.

Neno hili asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni sehemu ya nane. Ilikuwa sehemu ya nane ya reale, yaani ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, iliyotumika sana katika biashara ya pwani karne ya 19. Reale ilikuwa na nusu yake, na robo yake, na thumuni yake. Tena reale moja ilikaribia rupia mbili, na rupia moja ilikuwa pesa 64; basi thumuni ilikuwa kadiri ya robo ya rupia, yaani pesa 16 au zaidi kidogo.

Zamani zikapita. Mwaka 1904 Wadachi walileta bara heller 100 kwa rupia moja, nasi tukapata neno hela. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100, na shilingi mbili zikasimama mahali pa rupia moja. Hivyo robo ya rupia ikawa senti 50, na watu wakaendelea kuiita thumuni, ijapokuwa senti 50 ni nusu ya shilingi wala si sehemu yake ya nane. Jina lilibaki katika vinywa vya watu baada ya reale yenyewe kusahauliwa. Tangu mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilianza kutoa kila nchi fedha yake.

Mtoto asitwikwe habari hizi zote. Yamtosha kuambiwa kwamba thumuni ilikuwa sarafu ndogo, ambayo tajiri asingeinama kuiokota, lakini maskini akiiona moyo humdunda. Mwalimu ndiye apaswaye kuyajua yaliyobaki, ili akiulizwa asibabaike.

HADITHI KWA UFUPI

Palikuwa na mtu jina lake Haamdani, maskini asiye na kazi wala jamaa, ambaye chakula chake kilikuwa punje za mtama alizozichakura jaani. Siku moja, katika kuchakura, akaona thumuni. Akaifunga katika upindo wa nguo yake, akaendelea kuokota punje zake. Akapita mtu amechukua tundu lenye paa wa kuuza. Haamdani akamwita. Watu waliokuwapo wakamcheka muuzaji, wakisema, huyu achakuraye jaani atakununulia nini? Lakini Haamdani akatoa thumuni, akatwaa paa mmoja, wakawa wawili wa kugawana punje zile.

Baadaye paa akanena, akaomba ruhusa kwenda kujilisha mchana na kurudi jioni, maana aliona bwana wake hana cha kumlisha. Haamdani aliogopa kumpoteza, lakini akamwacha aende. Akaenda, akarudi, akaenda tena, akarudi. Siku moja huko porini akaona almasi kubwa chini ya mti. Akafikiri: nikimpelekea bwana wangu, ataulizwa ameipata wapi, akisema ameiokota, hawatamsadiki, akisema amepewa, hawatamsadiki, mwisho mali hii itakuwa mauti yake. Basi hakuipeleka jaani. Akapiga mbio mpaka mji wa mbali, akaitoa kwa Sultani Darai kuwa zawadi ya bwana wake ya kumposa binti yake. Akarudi kumchukua Haamdani, akamwambia Sultani kwamba bwana wake amenyang'anywa njiani, akampatia nguo njema, na ndoa ikafungwa. Kisha paa akaenda akamwua nyoka mkubwa wa vichwa saba aliyekuwa na nyumba yenye mali nyingi, na nyumba ile ikawa ya Haamdani na mkewe.

Baada ya hayo paa akaugua. Akamtuma bikizee wa nyumba ile amwambie bwana. Haamdani asiinuke, akasema apikiwe uji wa mtama. Mkewe akaona haya, akamsihi. Bikizee akaenda na kurudi mara nyingi. Jibu la bwana likawa lile lile: mnyama huyu sikumnunua kwa thumuni? Paa akafa, akatupwa kisimani. Mke akatuma habari kwa baba yake, na Sultani akaja mwenyewe na watu wake, wakamtoa paa, wakamzika kwa heshima. Usiku ule mke akaota yuko kwao, akaamka yuko kwao kweli. Na Haamdani akaota yuko jaani anachakura, akaamka, na tazama, yuko jaani, na vumbi mikononi mwake.

NJIA PANDA TATU

Hadithi hii ina njia panda tatu, na kila moja ina fundisho lake juu ya fedha. Ni vema mwalimu azitenge moyoni mwake kabla hajafungua kinywa.

Ya kwanza ni thumuni mkononi mwa mtu mwenye njaa. Hekima ya soko yasema, anunue mtama. Hadithi haisemi kwamba hekima hiyo ni upumbavu, wala haimsifu Haamdani kwa kuiacha. Yatuonyesha tu mtu aliyekuwa na njaa mbili, ya tumbo na ya kukaa peke yake, na sarafu moja isiyotosha zote mbili. Hapa mtoto ajifunza sheria ya kwanza ya fedha, ambayo watu wazima wengi hawajaishika: ukinunua hiki, hukununua kile. Paa yule hakumgharimu Haamdani thumuni peke yake. Alimgharimu pia mtama ambao hakuula. Waswahili wana neno gharama, ambalo ni pana kuliko bei. Bei ni ile inenwayo na muuzaji. Gharama ni yote uliyoyaacha ili ukipate kitu.

Ya pili ni almasi. Mtoto, na hata mwalimu, hutarajia kwamba paa ataileta nyumbani. Lakini paa ajua kwamba mali isiyo na maelezo ni moto katika nyumba ya makuti. Methali yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nayo hadithi yaongeza kwamba mali bila asili huleta maswali yasiyo na jibu. Mtoto aokotaye noti uwanjani, akarudi nayo nyumbani kimya, yuko mahali pale pale pa paa. Swali la kwanza analopaswa kujiuliza ni hili: nikiulizwa imetoka wapi, nitajibu nini? Likija baada yake swali la nitainunulia nini, halitakuwa gumu.

Hapa hapa watoto wenye akili watauliza juu ya uongo wa paa, aliyesema kwamba bwana wake amenyang'anywa. Mwalimu asiufiche uongo huo, wala asiugeuze kuwa werevu. Awaulize wao: nyumba iliyojengwa juu ya neno la uongo, mwisho wake umekuwa nini? Watamjibu wenyewe, kwa maana wamekwisha kumwona Haamdani amerudi jaani.

Ya tatu, ndiyo kubwa, ni uji wa mtama. Haamdani hakuwa na haja tena, nyumba imejaa. Aliloombwa ni jambo dogo: kushuka, kumtazama mgonjwa, kumpa chakula chema. Jibu lake lahusu fedha: nilimnunua kwa thumuni. Sasa maneno mawili ya lugha yetu yatengana wazi kabisa. Bei ya paa ilikuwa thumuni. Hilo ni kweli, wala halibadiliki. Lakini thamani yake ilikuwa mke, nyumba, nguo, na heshima. Haamdani alichukua bei akaifanya kuwa thamani, akahukumu kwa hesabu iliyo sahihi na kupoteza vyote. Sijui hadithi nyingine iwezayo kumwonyesha mtoto wa miaka sita tofauti ya maneno haya mawili kwa wepesi kama huu. Tena kuna neno la tatu, fadhila, ambalo ni deni lisiloandikwa. Mkopeshaji aweza kukushtaki. Aliyekutendea fadhila hana shahidi ila moyo wako.

NAMNA YA KUSIMULIA

Kosa la kwanza la wasimulizi wa shuleni ni kutanguliza fundisho. Mwalimu asemapo, "Leo nitawaambia hadithi ya mtu asiye na shukrani," amekwisha kuiua. Watoto hawatamhurumia Haamdani tena, wala hawatafurahi naye. Watakaa wakingoja aangamie. Na mtu ambaye hukumfurahia hakufundishi kitu, maana huwezi kujiona ndani yake.

Kosa la pili ni kuiharakisha njia panda. Msimulizi afikapo mahali ambapo muuzaji wa paa amesimama na Haamdani ameshika upindo wa nguo yake, anyamaze. Kisha aulize: "Wewe ungalifanyaje?" Mmoja atasema angalinunua mtama. Mwingine atasema angalinunua nusu ya mtama na nusu ya paa, na wenzake watacheka. Kicheko hicho ni mafundisho, kwa kuwa wameona wenyewe kwamba yako mambo yasiyogawanyika. Wa tatu atasema angaliiweka. Mwalimu amwulize, "Uiweke kwa nini? Mpaka lini?" Asiseme nani amekosa. Akishasema, watoto wote watajibu siku zote lile limpendezalo mwalimu, na mchezo wa kuchagua utakuwa umekwisha.

Kosa la tatu ni kuwatumia watoto wadogo hadithi ya hesabu nyingi. Mtoto wa miaka minne au mitano mara nyingi hudhani kwamba sarafu tatu ni mali kuliko moja, hata kama ile moja ni kubwa kwa kima. Yeye huhesabu vipande. Basi hadithi yake iwe na sarafu moja, kama hii ya Haamdani. Hadithi zenye kukopesha, kugawana faida, au kurudisha chenji, zingoje mpaka atakapokuwa na miaka saba au minane.

Mwisho, mwalimu awape watoto kazi ya mkono. Wachore tundu la paa, jaa, na nyumba ya mawe. Wamweke Haamdani wa udongo mahali pa kwanza, kisha pa pili, kisha wamrudishe pa kwanza. Mtoto aliyemrudisha Haamdani jaani kwa mkono wake mwenyewe hatasahau upesi.

SUFURIA ILIYOZAA

Kwa watoto wakubwa kidogo kuna hadithi ya Abunuwasi, ijulikanayo pwani yote. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Alipoirudisha, ndani yake mlikuwa na sufuria ndogo. Jirani akauliza, "Hii nini?" Akajibu, "Sufuria yako imezaa." Jirani akafurahi, akachukua zote mbili. Baada ya siku kadhaa Abunuwasi akaazima tena, asirudishe. Jirani alipokuja kudai, akaambiwa, "Pole, ndugu yangu, sufuria yako imekufa." Jirani akaghadhibika, akamshtaki. Akaulizwa: ulipoambiwa imezaa ulisadiki, basi mbona hukusadiki kwamba imekufa?

Kwanza, hadithi hii yafundisha maneno mawili ambayo watoto wengi huyachanganya. Kuazima ni kutwaa kitu ambacho utakirudisha chenyewe, kama jembe au sufuria. Kukopa ni kutwaa kitu utakachokitumia hata kiishe, kisha ulipe kingine mfano wake, kama fedha au unga. Mtu haazimi shilingi, maana shilingi aliyokopa ameitoa dukani, naye atalipa nyingine. Mtoto ajuaye tofauti hii amefahamu nusu ya habari ya deni.

Pili, yafundisha tamaa inavyofunga macho. Jirani hakudanganywa siku ya pili, bali siku ya kwanza, alipopokea faida isiyowezekana bila kuuliza. Na jambo hili si la kale tu. Mwaka 2009 nchini Tanzania serikali ilipiga marufuku mchezo mmoja wa fedha ambao watu walitoa akiba zao wakiambiwa kwamba wanapanda mbegu na watavuna maradufu. Fedha za waliotangulia zilitoka katika mifuko ya waliofuata, mpaka wafuasi walipokwisha. Wengi walipoteza akiba walizozikusanya miaka mingi, nao walikuwa watu wazima wenye kusoma na kuandika. Sufuria haizai, kila mtu aliijua hadithi hiyo tangu utoto, lakini si wote waliofundishwa kuiuliza nje ya hadithi.

KIBABA NA KUNGOJA

Methali yetu juu ya akiba ni haba na haba hujaza kibaba. Wengi huisema bila kukijua kibaba. Ni kipimo cha nafaka: vibaba viwili ni kisaga kimoja, na vibaba vinne ni pishi moja. Mwalimu achukue kibakuli na mtama, kila mtoto atie punje chache kila asubuhi, nao waone kwa macho siku gani kimejaa. Methali ambayo mtoto ameiona ikitimia mbele yake ni hadithi fupi. Asiyoiona ni kelele.

Lakini kuweka ni kungoja, na kungoja kuna sharti lake. Wenye elimu ya nia za watoto wamelichungua jambo hili. Huko Stanford, Marekani, miaka ya 1960, Walter Mischel aliwapa watoto wadogo chaguo: kitamu kimoja sasa, au viwili wakimngoja arudi. Kwa miaka mingi watu walifundisha kwamba awezaye kungoja atafanikiwa ukubwani, na asiyeweza ana tabia dhaifu. Baadaye uchunguzi wa watoto wengi zaidi, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba hali ya nyumbani ina sehemu kubwa katika jambo hilo, na kwamba kungoja peke yake hakutabiri mengi.

Uchunguzi mwingine wawahusu walimu zaidi. Mwaka 2013, huko Rochester, Marekani, watoto waliahidiwa kwanza vifaa vizuri vya kuchorea. Wengine walitimiziwa ahadi, na wengine hawakutimiziwa. Kisha wote wakajaribiwa kwa kitamu. Waliotimiziwa walingoja kwa wastani dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3. Na mwaka 2017 ilichapishwa habari ya watoto wa miaka minne wa Wanso, kabila la wakulima huko Kamerun, waliolinganishwa na watoto wa Ujerumani. Kwa Wanso, kadiri ya watoto 7 katika kila 10 walingoja. Kwa Wajerumani hawakufika 3. Basi wale wasemao kwamba mtoto wa Kiafrika wa kijijini hajui kungoja wamejibiwa.

Maana ya mambo haya kwa mwalimu ni dhahiri. Mtoto hupima kama yule aliyeahidi ni mtu wa kusadikiwa. Kama darasa linaweka senti zao kwa mwalimu, fedha hizo ni amana, na siku iliyotajwa zirudi zote mikononi mwao, hata kama shule ina haja kubwa ya chaki. Mwalimu "akikopa" amana ya watoto, hata kwa siku mbili, na hata kwa nia njema, amewafundisha kwamba mwenye akili hula leo. Hapana hadithi itakayoweza kulifuta fundisho hilo.

HATARI TATU

Hatari ya kwanza ni hadithi ya nusu. Kwa kuwa kipindi ni kifupi, wengine humsimulia Haamdani mpaka arusi tu, na watoto hurudi nyumbani wakijua kwamba utajiri huja kwa kuokota. Afadhali kutokuisimulia kabisa. Kama wakati hautoshi, igawanywe siku mbili, na siku ya kwanza ikomee pale paa anapougua, ili watoto walale na swali.

Hatari ya pili ni kuwaaibisha maskini. Darasani mna mtoto ambaye hajawahi kushika sarafu yake mwenyewe, na mna yule ambaye mama yake huokota mabaki sokoni. Mwalimu asemapo kwamba maskini ni maskini kwa sababu hakuchagua vema, amemjeruhi mtoto yule, tena amesema lisilo kweli. Kuchagua ni kwa mwenye kitu cha kuchagulia. Haamdani jaani hakuwa na la kuchagua mpaka alipoiona thumuni. Alipokuwa maskini hadithi haikumlaumu hata neno moja. Ilimlaumu alipokuwa tajiri. Mwalimu aliangalie jambo hilo, na watoto waonyeshwe.

Hatari ya tatu ni ya siku hizi zetu. Tangu mwaka 2007 huko Kenya, na mwaka 2008 Tanzania, watu wengi wamezoea kulipa kwa simu. Mtoto humwona mama akibonyeza vidole, na sukari yaja. Hakuona kitu kikitoka, wala kitu kikipungua. Kwake simu ni sawa na kisima kisichokauka. Zamani mtoto aliona mkono ukifungua upindo wa kanga, akajua kwamba kilichotoka hakimo tena. Ndiyo sababu hadithi yenye sarafu moja ina kazi kubwa leo kuliko siku zile iliposimuliwa kwa mara ya kwanza. Thumuni ya Haamdani mtoto huiona ikitoka mkononi. Mzazi naye aweza kusaidia kwa kusema kwa sauti, alipapo kwa simu, ni kiasi gani kilichokuwamo na ni kiasi gani kilichobaki.

KWA WALIO MBALI NA PWANI

Haya yote yamesemwa kwa mifano ya Unguja na Mrima, kwa kuwa hadithi zake ziliandikwa mapema. Lakini hapana kabila lisilo na hadithi ya mtu aliyepewa kidogo akakifanya kingi, au aliyepewa kingi akakifanya si kitu. Penye ng'ombe, thumuni ni ndama. Penye ndizi, ni mkungu mmoja. Kando ya ziwa, ni ndoana. Mwalimu aliye bara awaulize wazee wa mahali pake, aiandike hadithi kama wanavyoisema, asiitengeneze. Kisha aitafute njia panda yake, yaani mahali pale ambapo mtu wa hadithi ana kitu mkononi na bado hajakitoa. Akipaona, hapo ndipo pa kunyamaza na kuwaacha watoto wachague.